Siku nzima peke yako Istanbul: ulizunguka wapi, ulikula nini? Tupeane uzoefu

Kibegi Mgongoni

Wakuu, habari za muda huu.

Najua humu wapo wengi waliopita Istanbul, wengine kwa mizigo ya Laleli (ule mtaa wa maduka ya nguo za jumla), wengine wakisubiri kuunganisha ndege. Nataka tupeane ya ile siku uliyokuwa peke yako kabisa: huna mwenyeji, huna wa kumuuliza "tule wapi", una miguu yako na njaa yako. Naanza mimi.

Nilikuwa na saa kumi na tatu kabla ya ndege ya pili. Begi nikaliacha uwanjani, nikapanda basi hadi mjini, nikanunua Istanbulkart (kadi hiyo hiyo unapandia tramu, metro, basi, hadi pantoni). Saa tatu asubuhi niko Sultanahmet, na foleni ya Ayasofya imeshapinda kona. Jengo la mwaka 537 hilo, limekuwa kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena, kwa hiyo watu wa kila namna wana sababu ya kulitaka. Nikapanga foleni. Nusu saa baadaye chai ya kwenye ndege ikaanza kudai haki yake. Hapo ndipo nilipoujua ubaya wa kuwa peke yako: huna wa kumwambia "nishikie nafasi". Nikamwonyesha mzee wa mbele yangu kwa ishara, akatikisa kichwa. Mpaka leo sijui alikubali au alikataa. Niliporudi, foleni imesogea na mzee simwoni.

Nikaghairi. Nikavuka barabara, nikashuka Yerebatan, hodhi la maji la karne ya 6. Nguzo 336 chini ya ardhi, taa hafifu, tone la maji linakudondokea shingoni. Mwisho kabisa kuna nguzo mbili zimekalia vichwa vya Medusa, kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa chini juu. Kila anayefika hapo anapinda shingo ili amwone vizuri huyo aliyepinduliwa. Nilikaa dakika ishirini nawatazama watu wakipinda shingo, na hakuna aliyeniambia twende.

Kuhusu kula: pale Sultanahmet migahawa ina wapiga debe kama stendi. Anayenivuta mkono siingii kwake. Nikapanda kilima hadi Süleymaniye, msikiti alioujenga Sinan ukakamilika 1557, na mbele yake kuna safu ya vijihoteli. Nikaona sufuria kubwa, watu wa kawaida wanakula kimya, nikakaa. Ikaletwa sahani: maharage meupe kwenye rojo jekundu, wali unang'aa siagi, na achari pembeni. Wanaita kuru fasulye. Wakuu, nimekesha angani usiku kucha kwenda kula wali maharage! Na niliongeza sahani ya pili.

Raha nyingine ni lugha. Kila mlango ninaoingia naambiwa "merhaba", nikajiona kijana wa heshima, kama vile nimewaamkia shikamoo. Na bili wanaita hesap. Nilimwambia tu mhudumu "hesabu", akaenda akaileta.

Nawasilisha. Leteni zenu.

Mwanapwani

Ungeuliza kwanza, ndugu yangu. Ayasofya anayekwenda kuswali ana mlango wake, halipi, anaingia chini. Watalii ndio wanaokatiwa tiketi na kupandishwa ghorofa ya juu, utaratibu wa tangu 2024.

Mimi niliingia adhuhuri. Kitu kilichonishangaza si kuba, maana kuba nilishaliona kwenye picha mara mia. Ni zulia. Mistari yake imekwenda mshazari, hailingani na ukuta, kwa sababu wenyewe walijenga kanisa, hawakuwa na habari na kibla. Unaswali umeupa ukuta bega. Mbele juu kuna pazia, nyuma yake mozaiki ya Bikira Maria na mwanawe. Nikatoka nikala supu ya dengu na ndimu kwenye uchochoro, nikarudi tena alasiri.

Mama Mizigo

Kicheko! Mimi nimekwenda mara sita na mara zote tano za mwanzo sikutoka Laleli. Hoteli, duka, kargo, uwanjani. Ya sita mzigo uliisha Jumamosi, nikajisemea Jumapili ni yangu, naenda ile Kapalıçarşı inayosifiwa, maduka kama elfu nne chini ya paa moja.

Nimejipamba, nimefika, milango imefungwa. Jumapili hawafungui! Nimesimama pale na pochi yangu kama niliyeachwa na basi. Paka mmoja amelala kwenye ngazi, hata kichwa hakuinua.

Nikateremka na vichochoro hadi Eminönü, Mısır Çarşısı, soko la viungo, ikawa wazi. Sasa hapo ndipo nilipochekesha watu. Mısır kwa Kituruki ni Misri, na ni mahindi pia. Nimemwambia kijana mmoja nataka Mısır, akanipeleka kwa muuza mahindi ya kuchoma! Nikayala, yalikuwa matamu, kisha nikaenda sokoni kwenyewe. Wauza lokum (vile vitamutamu laini vya Kituruki) wanakuonjesha kipande hiki na kile mpaka huna haja ya kununua, lakini aibu inakununulia.

Bilauri

Mkimwona mng'arisha viatu anadondosha brashi mbele yenu, msiiokote. Niliiokota. Akanishukuru, akaning'ang'ania aning'arishie viatu kwa shukrani, kisha akataka hela ya viatu jozi nzima ya dukani. Na mimi nilivaa raba.

Kibegi Mgongoni

Hahaha raba zinang'arishwaje mkuu?

Bilauri

Alizipaka maji.

Dada Nauliza

Jamani, kwa mwanamke aliye peke yake vipi? Nina safari mwezi ujao.

Mama Mizigo

Mdogo wangu, mchana huna shida, beba mtandio wa misikitini na viatu vya kutembelea, ule mji ni vilima vitupu. Kukaa mezani peke yako hakuna anayekushangaa. Wanaoliwa ni kaka zetu. Anakuja mtu wa tabasamu, "rafiki, unatoka wapi, twende tukapate kinywaji", bili ikija rafiki hayupo.

Njaa Haina Adabu

Mimi naomba nizungumzie kome.

Jioni, Kadıköy, upande wa Asia. Jamaa ana sinia la midye, kome waliojazwa wali wa viungo ndani ya gamba lao. Anafungua mmoja, anakamua limau, anakukabidhi. Unatumia gamba la juu kama kijiko. Kabla hujameza ameshafungua wa pili. Mimi kwetu nimefundishwa ukipewa chakula usikatae, nikapokea. Wa tatu. Wa kumi. Nilidhani ni wa kuonja, jamani, kama zile lokum za Mama Mizigo. Kumbe magamba yote anayapanga pembeni na ndiyo daftari lake. Nilipopata akili ya kusema "tamam" (tamaam ile ile), akayahesabu kwa kidole mbele yangu taratibu, ishirini na saba. Nikalipa. Ningekuwa na mwenzangu angenikanyaga mguu tangu wa tano.

Kurudi ng'ambo, wengi watakuambia panda Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013. Kutoka Üsküdar hadi Sirkeci ni kama dakika nne. Ni kweli, lakini unaona nini? Giza na uso wako kwenye kioo. Nikapanda pantoni, kama dakika ishirini, nikakaa nje kwenye benchi la mbao. Muuza chai akapita na sinia, chai ya rangi kwenye vile vibilauri vyembamba kiunoni, vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Pembeni yangu mama mmoja anamega simit, mkate wa duara wenye ufuta, na kuwarushia shakwe wanaotufuata. Akanipa nusu bila kusema neno. Nilipoinua mkono ili niule, shakwe akapita nao.

Mama akacheka, akamega tena.