Kiwanja kinachoingiwa maji ya mto Lukuledi, Lindi

SWALI: Habari wakuu. Kiwanja kina hati, ila upande wa chini hujaa maji mvua zikikolea. Nikimwaga kifusi naweza kujenga kote?

JIBU 1: Ndugu, hati haiondoi mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka mtoni. Mwite mpima apime kutoka ukingoni, kisha mwone afisa mipango miji kabla ya kuomba kibali cha ujenzi. Usimwage kifusi kote: maji yatahamia kwa jirani.

JIBU 2: Naongezea, mkuu. Tazama mstari wa tope kwenye minazi, ndiyo alama ya maji yalipofikia. Sakafu ikae walau sentimita 60 juu yake. Shindilia kifusi kila sentimita 15, la sivyo jamvi (zege la sakafu) litapasuka. Udongo mweusi wa mfinyanzi uondoe wote, huvimba na kusinyaa. Mkanda wa zege unaofunga kuta uwe na nondo nne za milimita 12.

JIBU 3: Choo msisahau! Shimo likiwa bondeni hufurika na kuharibu visima. Lichimbwe upande wa juu.

MUULIZAJI: Nashukuru sana. Bondeni nitapanda mpunga.