Mama mzee kukaa wiki tatu kwenye nyumba ya wazee, Lubumbashi: tupeleke nini, tuulize nini?

MwanaKatuba
Jambo yenu. Mama ana miaka 76, ana sukari na tansio (shinikizo la damu). Mwezi wa saba hakutakuwa na mtu nyumbani wa kumwangalia kwa siku 21, na nyumba moja ya wazee ya masista imekubali kumpokea kwa muda huo, kisha arudi. Dawa zake ni metformin 500 asubuhi na jioni, glibenclamide 5 asubuhi (hizo mbili za sukari), amlodipine 5 usiku (ya tansio). Anatembea na fimbo, anasahau kidogo. Wametuambia tulete "nguo na dawa" tu. Inatosha? Na kwenye mkataba tuangalie nini?

Muuguzi_Kampemba
Haitoshi, yaya (ndugu mkubwa). Tuanze na hesabu: siku 21 mnaongeza 7 za akiba, maana safari za huku zinachelewa. Ni metformin 56, glibenclamide 28, amlodipine 28. Ziache ndani ya pakiti zake za duka la dawa. Vidonge vilivyomwagwa pamoja kwenye kichupa kimoja hakuna muuguzi wa zamu atakayevitambua saa mbili usiku, na vyeupe vyote vinafanana. Weka na nakala ya ordonansi (karatasi ya daktari ya dawa), pamoja na karatasi moja ya mkono: jina la dawa, kipimo, saa, na kama anameza kabla au baada ya kula.

Sasa hiyo glibenclamide, isomeni mara mbili. Inashusha sukari hata kama mtu hajala, na kwa mzee nguvu yake inakaa mwilini muda mrefu. Siku za kwanza mahali pageni wazee wengi wanagusa chakula tu: bukari (ugali) si ya mkono wa nyumbani, sombe (kisamvu) haina chumvi waliyoizoea. Asubuhi amekunywa chai tupu, kidonge amepewa kama ilivyoandikwa, mchana amekula matonge mawili. Jioni anatetemeka, anatoka jasho baridi, anasema maneno yasiyoeleweka, na mtu wa zamu anafikiri ni uzee. Nendeni kwa daktari wake KABLA ya kumpeleka, aandike waziwazi nini kifanyike asubuhi ambayo hajala. Kwa umri huo anaweza hata kubadilisha dawa yenyewe. Ikibadilishwa, ibadilishwe wiki mbili tatu mapema akiwa bado nyumbani, isiwe siku ya kuondoka.

Pelekeni mashine yake ya kupima sukari na vijiti vya mashine hiyohiyo, kwa sababu vya mashine nyingine havisomi. Andikeni pia mashine inasoma kwa kipimo gani, mg/dl au mmol: 70 mg/dl ni sawa na 3.9 kwenye mashine za mmol. Chini ya hapo apewe kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale kitu. Akiwa hawezi kumeza, asimwagiwe chochote mdomoni. Ni hospitali moja kwa moja.

Karani_wa_Ruashi
Upande wa karatasi. Mkataba wa kukaa kwa muda lazima uwe na tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka, tena na bei ya siku moja ikiwa mtachelewa. Bila tarehe ya kutoka, "muda" unageuka kuwa makazi. Huko Ufaransa wameweka kikomo kabisa: kukaa kwa muda hakuzidi siku 90 ndani ya miezi 12. Kwetu kikomo ni kile mlichoandika ninyi wenyewe.

Ulizeni bei ya siku inabeba nini. Mara nyingi ni kitanda, chakula na kufua. Dawa, nepi za watu wazima, maji ya chupa na gari la kwenda hospitali vinalipwa pembeni. Kama mama anavaa nepi usiku, hesabuni: moja kwa usiku ni 21, lakini akipata kuharisha zinakwenda nne kwa siku. Pelekeni 30.

Jambo linalokwamisha wengi ni hospitali. Mzee akipelekwa usiku, malipo ya kwanza yanaombwa mlangoni, na masista hawana faranga za kila mzee. Chagueni mtu mmoja aliye hapa mjini, mwenye simu isiyozimwa na pesa kwenye M-Pesa au Airtel Money, na mumpe ruhusa iliyoandikwa kuamua matibabu mkiwa hampatikani. Mtu mmoja tu. Mkiandika majina matatu, kila mmoja atafikiri mwenzake amekwenda. Wekeni nakala ya kadi yake ya kupigia kura. Kama anapokea pensheni, angalieni siku ya malipo isiangukie ndani ya hizo 21.

ShangaziWaKamalondo
Mwezi wa saba? Basi baridi. Usiku wa Lubumbashi wakati huo unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na vyumba vingi vina sakafu ya simenti tupu. Blanketi mbili, soksi, kofia ya kulalia.

Ulizeni kama wanaingiza mbabula (jiko la makaa) chumbani. Wakisema ndiyo, kataeni hata kama wanaitoa "ikishaacha moshi". Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichozibwa madirisha kwa sababu ya baridi kinaijaza haraka. Hata chupa ya maji ya moto, angalieni. Mtu wa sukari miguu yake inaweza kuwa haisikii moto, ataungua na hatalia. Itiwe kitandani kabla hajalala, itolewe anapoingia.

Kitu kidogo kinachosahauliwa: nyumbani anashuka kitandani upande gani? Kama ni kulia, na kule ukuta uko kulia, usiku wa kwanza akiamka kwenda chooni atajigonga ukutani, atageuka, atapoteza mwelekeo. Kitanda kiwekwe kama cha nyumbani, urefu wake nyayo zikanyage chini zote mbili akiwa amekaa. Taa ndogo ya sola ya kuwaka usiku kucha, maana umeme ni umeme wetu. Viatu vya kufungwa nyuma, kandambili zibaki nyumbani. Na meno ya bandia yawe na kikombe chake chenye jina. Akiyafunga kwenye karatasi na kuyaacha juu ya sahani, yanatupwa na makombo.

MwanaKatuba
Asanteni sana. Dada mkubwa anasema tumwambie mama anaenda kupimwa siku mbili tu, la sivyo atakataa. Na tusimtembelee wiki ya kwanza ili azoee.

Muuguzi_Kampemba
Kwa heshima ya yaya mkubwa, hapana kwa yote mawili. Siku ya tatu atauliza, na muuguzi asiyejua uongo wenu atamjibu ukweli. Kuanzia hapo anakataa dawa, kwa kuwa haamini mtu. Mwambieni mapema, mmpeleke kwanza kwa saa chache, ale chakula cha mchana pale, arudi. Mtundikieni kalenda yenye siku ya kurudi iliyozungushiwa, naye akate siku moja kila asubuhi.

Kutembelewa, wako wanaotulia zaidi wakiachwa kidogo. Mwenye kusahau, lakini, anahitaji sauti anayoijua. Apigiwe simu saa ileile kila siku, dakika tano, mchana. Jioni ndipo wanapochanganyikiwa, na simu ya jioni inawaamshia hamu ya kwenda nyumbani.

Akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, asiambiwe ni uzee wala uchawi. Apimwe sukari, malaria na mkojo, na waulize amekunywa maji kiasi gani na lini alikwenda choo.

ShangaziWaKamalondo
Neti yenye dawa pia. Baridi haiondoi mbu wote.

Karani_wa_Ruashi
Siku ya kumchukua msiondoke kabla ya kuvua soksi na kutazama nyayo, visigino na katikati ya vidole. Kisha hesabuni vidonge mbele yao. Metformin zikibaki 14, alimeza zote za siku 21. Zikibaki 20, siku tatu zimeruka, na daktari wake anapaswa kuambiwa kabla hajapima sukari na kumwongezea dozi bure.