Ndege ya rimoti ya kuanzia: Sport Cub 500 au AeroScout? Niko Malindi

kijana_barani
Asalamu aleikum. Ami yangu anarudi kutoka Dubai mwisho wa mwezi na amekubali kuniletea ndege ya rimoti, iliyokwisha kuundwa kiwandani. Nimebakiwa na mbili: Volantex Sport Cub 500 na HobbyZone AeroScout. Ipi nimwambie anunue? Anataka jibu kabla ya Ijumaa.

fundi_solda
Tukujibu vipi na hujasema kitu? Bajeti ngapi? Utarushia wapi? Umewahi kurusha? Hizo mbili si rika moja hata kidogo.

mama_sabaki
Useme pia utarusha saa ngapi. Huku kwetu saa ni muhimu kuliko jina la ndege.

kijana_barani
Samahani wakubwa. Bajeti ni Sh15,000. Sijawahi kurusha. Nafikiria ufukwe wa Silversands, jioni nikitoka kazini.

mama_sabaki
Jioni, na kusi hii inavyovuma? Usijaribu na Sport Cub, mwanangu. Mabawa yake ni sentimita 50 na uzito haufiki gramu 100. Upepo wa bahari ukiikamata inaelekea bara na huwezi kuirudisha. Sisi twarushia Mambrui asubuhi mapema, maji yakipwa, kabla upepo haujaamka. Saa hizo hiyohiyo ndogo yaruka vizuri sana, maana ina jairo inayoiweka sawa ukiachia vijiti. Tanga mbili ikifika, kusi imelegea na kaskazi haijaingia, hata alasiri utarusha.

propela_nyuma
Basi AeroScout. Mota yake iko nyuma ya bawa, ikipiga pua mchangani propela haiguswi, na kwa anayejifunza hilo peke yake latosha. Mabawa yanapita mita moja, mota haina brashi (visuguzi vya ndani vinavyolika), betri ni ya seli 3, upepo wa wastani inauhimili. Ile ndogo ina propela mbele na kimota cha brashi. Kikishaingia mchanga na chumvi hakidumu. Ongeza pesa ununue mara moja.

fundi_solda
"Ongeza pesa" ni rahisi kuandika. Sh15,000 haifikii AeroScout yenye rimoti yake. Tena ndege nzito ikianguka yavunjika, nyepesi yadunda. Mimi ningechukua Sport Cub kisha niiboreshe. Ng'oa magurudumu, mchangani yanaipindua tu. Bandika utepe wa nyuzi ukingo wa mbele wa bawa. Bawa likikatika, pitisha kijiti cha mshikaki ndani na gundi kidogo. Mwanzi ule ni mwepesi na mgumu. Halafu pima mlingano upya, watu wengi hawafanyi hivi. Weka vidole viwili chini ya mabawa pale kitabu chake kinaposema, mara nyingi kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele. Isimame sawa au iiname pua kidogo. Ikiinamia mkia usiirushe kabisa, sogeza betri mbele kwanza.

propela_nyuma
Na gundi iwe gani? Supaglu ya kawaida inayeyusha foamu nyeupe ya kufungia TV. EPO, foamu ngumu zaidi inayoundiwa ndege hizi, inaivumilia. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana.

bahari_ya_ngomeni
Kijana, kabla ya yote mwambie ami asome maandishi ya kwenye sanduku. Mimi nilinunua ndege kwa duka moja la mtandaoni, tangazo limeandikwa "tayari kuruka". Mzigo ukaishia Mombasa, nikaufuata kwa matatu, nikafungua nyumbani watoto wamenizunguka. Ndege nzuri, mota, sevo nne (vimota vya kugeuza usukani), basi. Rimoti hakuna, risiva ya kupokea ishara za rimoti hakuna, betri wala chaja hakuna. Pembeni mwa sanduku, kwa herufi ndogo: PNP. Nikawaandikia, wakajibu kwamba rimoti ya kwenye picha ilikuwa mfano tu. Nikaazima rimoti ya FlySky, na duka lilelile likaniuzia risiva ya Spektrum likisema zote ni 2.4 GHz, zitaelewana. Haziwezi! Kila kampuni ina lugha yake ndani ya masafa hayohayo. Pesa hawakurudisha. Mpaka napata risiva inayofaa, betri niliyonunua pembeni ilikuwa imekaa tupu na kuvimba. Betri hizi za lithiamu, Lipo, zihifadhiwe karibu volti 3.8 kwa kila seli, mbali na joto. Kwa hiyo tafuta herufi RTF, yaani tayari kuruka, rimoti imo. BNF ina risiva bila rimoti. PNP hata risiva haina.

kijana_barani
Ahsante sana mzee wangu, sikuyajua haya. Na betri itapita kwenye ndege ya abiria?

fundi_solda
Aibebe kwenye mkoba wa mkononi, asiipakie kwenye sanduku la mizigo, na vichwa vya nyaya avifunike kwa utepe. Kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa (Wh) 100. Ya AeroScout, volti 11.1 mara ampea-saa (Ah) 2.2, ni kama Wh 24.

mama_sabaki
Hakuna aliyetaja uwanja wa ndege wa Malindi. Uko hapo kando ya mji na ndege zashuka kila siku. Kuna kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani, na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, hawachezi. Kijana aulize kwanza.

propela_nyuma
Zile ni za droni. Hiki ni kitu cha kuchezea.

mama_sabaki
Rubani anayeshuka atatofautisha vipi? Lamu nako si pa kurusha chochote bila kuuliza, kwa hali ya usalama ilivyo.

bahari_ya_ngomeni
Huku kwetu Ngomeni tumezoea vya angani. Waitaliano walirusha roketi za satelaiti kwenye majukwaa ya baharini tangu 1967 hadi 1988. Satelaiti ya Marekani iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilisherehekea miaka 7 ya uhuru. Vijana wengi wa Malindi hawafundishwi haya, nami naumia.

fundi_solda
Kumbe ni hapohapo! Majukwaa yanafikika kwa mashua?

kijana_barani
Ami amepiga simu. Duka la karibu naye lina Sport Cub RTF, lakini AeroScout ni BNF pekee.

propela_nyuma
AeroScout hiyo yataka rimoti ya Spektrum. Ninayo moja siitumii. Uko mtaa wa Barani upande gani?

mama_sabaki
Mwombe ami asubiri mpaka Jumamosi. Njoo Mambrui alfajiri ushike ndege yetu mkononi, kisha ndipo umjibu.