DNA inasema India asilimia 3 tu, na kwetu tunajua babu yake shosho alikuwa Kalasinga wa reli

kijana_wa_pipeline
Wasee niaje. Kwetu Makindu tumekua tukiambiwa babake babake shosho (shosho mzaa mama) alikuwa Kalasinga wa reli, akapata kijana mmoja na msichana wa Kikamba, mkataba ukaisha akarudi kwao. Picha hakuna, jina kila mtu ana lake. Sasa nimepima DNA ya mate imeniletea India asilimia 3, na dadangu, baba mmoja mama mmoja, ana 8!! Si tungekuwa na 6 hivi sote? Hadithi ni ya uongo ama maabara ilichanganya mate?

mama_biolojia
Hakuna uongo hapo. Nusu kamili unapewa na mzazi peke yake, kupanda juu ni bahati, ju mamako hakukupa robo safi ya kila mzazi wake, anachanganya vipande na wewe unaokota vile vimekuangukia. Hiyo 6 ni wastani tu. Ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu kwenye ukoo na karibu nusu yao hawajakuachia hata kipande, na bado ni babu zako. Shosho yuko hai? Mpime yeye, kwake inafaa ikuwe kama 25.

fundi_wa_ukoo
Na kama shosho ana kaka wa baba mmoja, huyo ndiye wa kutafuta haraka. Kromosomu Y, ile sehemu ya DNA iko kwa wanaume pekee, inatoka baba kwa mwana, yako ni ya babako, haijui Makindu kabisa. Ya huyo mzee ni ile ya mtu wa reli mwenyewe.

mzee_wa_stesheni
Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, wakaletwa Wahindi zaidi ya 30,000, wengi wa Punjab, na wengi walirudi mkataba ukiisha, kwa hivyo hapo stori inasimama. Lakini hiyo ya Kalasinga msiishike sana, Waislamu wa Punjab pia walikuwa wengi kwa hiyo kazi na DNA haijui nani alivaa kilemba. Na hekalu la Makalasinga hapo Makindu ni la 1926, usianze kumtafuta huko.

kijana_wa_pipeline
Asanteni sana. Shosho amekubali. Kakake yuko Kibwezi, shida sasa ni kumwambia mzee kama huyo ateme mate kwa kachupa nikatume ng'ambo, ataniuliza nimeingia uganga lini.