TPA3116D2 inakata nikipandisha sauti: nihamie TPA3255?

Kinasa: Wakuu, nimekwama. Nina bodi ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116D2, adapta ya volti 24 na spika mbili za omu 4. Sauti ikiwa ndogo inaimba safi. Nikipandisha muziki inakata, inanyamaza kidogo, inarudi, inakata tena. Naogopa itaniunguzia spika. Naona haina nguvu, nataka bodi yenye chipu kubwa zaidi, TPA3255. Waliowahi kuitumia wanishauri.

SautiKavu: TPA3255 ni mnyama. Ila zile wati 315 kila upande zinapatikana kwenye volti 51, spika za omu 4, na upotofu wa asilimia 10, yaani sauti imeshachanika. Kwa adapta yako ya volti 24 hutaziona.

MzeeWaRisasi: Sisi tulianza na TDA2030, chipu ya amplifaya ya zamani. Bati la kupoozea kubwa, transfoma nzito, na ukisahau kupaka grisi ya joto unanusa harufu mapema. Niliwahi kuweka mbili kwenye boksi la mbao na zikaimba miaka mingi. Hizi chipu zenu za siku hizi, za aina iitwayo klasi D, zinapitisha kama asilimia 90 ya umeme hadi kwenye spika, joto dogo. Mna bahati.

Utulivu: Kwani lazima upandishe? Chumba cha kawaida wati 10 zinatosha. Masikio hayana spea.

WayaMweusi: Kinasa, kabla ya kununua chochote: adapta ni ampea ngapi, inakata kwenye kila sauti, na nyaya za spika umezipitishaje?

Kinasa: Ampea 5. Nimeweka mita wakati inakata, volti haziyumbi. Mtu akisoma habari haikati hata nikipandisha, ni muziki tu. Nyaya ziko sawa.

WayaMweusi: "Ziko sawa" si jibu. Zinatoka ngapi kwenye bodi?

Kinasa: Tatu. Chanya ya kushoto, chanya ya kulia, na hasi moja ya pamoja. Amplifaya ya zamani ilifungwa hivyo hivyo na haikuwahi kusumbua. Zimezikwa ukutani, sibomoi ukuta kwa ajili ya waya mmoja. Halafu TPA3255 nimeshailipia, iko njiani.

Chekeo: Kumbe mwenzetu anaomba ushauri wa ndoa mahari ikiwa imeshatolewa 😂

WayaMweusi: Hapo ndipo penye ugonjwa. Amplifaya yako ya zamani hasi zake zilikuwa graundi, yaani volti sifuri. Kwenye TPA3116D2 hasi si graundi, nayo inasukumwa na chipu kinyume na chanya. Ndiyo maana volti 24 tu zinatoa nguvu zote hizo. Ukiunganisha hasi mbili umepiga shoti njia mbili za kutokea sauti.

MkaguziWaNyuzi: Huu uzi ni wa kutunga. Ingekuwa shoti, chipu ingejifunga palepale ulipowasha. Eti habari inasoma, muziki inakata, chipu inachagua vipindi? Kesho mtamwona anatangaza bodi za TPA3255.

Kinasa: Mkuu siuzi kitu. Nimeeleza ninachosikia.

WayaMweusi: Mkaguzi, hilo la habari ndilo linalonifanya nimwamini. Sauti ya msomaji huwa sawa kushoto na kulia, kwa hiyo hasi zote mbili zinapanda na kushuka pamoja, na kati yao karibu hakuna volti. Muziki una gitaa huku na kinanda kule. Hasi zinatofautiana, mkondo unakimbia toka moja kwenda nyingine bila kupita kwenye spika. Sauti ikiwa ndogo chipu inavumilia. Ukipandisha, ulinzi unakata. Bodi iliyounganisha pini ya FAULTZ (ya kutangaza hitilafu) na SDZ (ya kuzima chipu) inajiwasha tena yenyewe, ndiyo ule mchezo wa kukata na kurudi.

MkaguziWaNyuzi: Hapo nimekuelewa. Basi ajaribu spika mezani, kila moja na nyaya zake mbili.

Kinasa: Nimejaribu sasa hivi kwa nyaya fupi. Haikati, hata juu kabisa. Lakini ukuta siubomoi, na bodi inakuja.

WayaMweusi: TPA3255 ikifungwa kwa mtindo uleule wa hasi zisizo graundi itakata vilevile. Angalia kama bodi yako inayokuja inakubali kubadilishwa iendeshe kila spika kwa waya wa chanya tu, hasi ikiwa graundi. Hapo nyaya tatu zinatosha, lakini utabaki na kama robo ya nguvu kwa volti zilezile, na kila chanya ipitie kapasita ya kuzuia umeme wa moja kwa moja (DC) usifike kwenye spika. Usiiruke hiyo kapasita, hiyo ndiyo ingekuunguzia spika kweli.

Kinasa: Ya ukubwa gani?

WayaMweusi: Kwa omu 4, mikrofaradi 1000 inaanza kupunguza besi kwenye hezi 40. Weka 2200, inashuka hadi 18 hivi. Ukitumia volti 51 chukua za volti 63, na upande wa chanya wa kapasita uelekee kwenye chipu.