Mtu mwenye huzuni achague muziki gani wa kusikiliza?

Mwana wa Tudor

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwanamume wa makamo, mkaazi wa Tudor hapa Mombasa, na ninafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari. Kazi imepungua, wenzangu kadhaa wameachishwa, na kwa muda sasa nimekuwa nikirudi nyumbani jioni nikiwa na moyo mzito, nisitake kuzungumza na mtu. Chakula nakula na usingizi ninaupata, ila ile raha ya kawaida ya nyumbani imenipungukia.

Katika hali hiyo hukimbilia muziki, kwani ndani ya muziki ndimo nilimolelewa. Marehemu baba alikuwa na kaseti za taarabu tele, na harusi aliyosikia kwamba Juma Bhalo ataimba ilikuwa haimpiti. Shida yangu ni uchaguzi. Nikiweka nyimbo za kuachwa na kusalitiwa, kwa dakika chache napata nafuu, kisha najikuta nimezama, ninaurudia wimbo uleule mpaka usiku wa manane, na asubuhi naamka mzito kuliko nilivyolala. Mke wangu hunishauri niyaache majonzi niweke nyimbo za kuchangamsha, na amewahi kuniwekea chakacha yeye mwenyewe, lakini ninapokuwa katika hali ile nyimbo hizo hunikera kama mtu anayenichekea msibani.

Naomba wenye ujuzi au uzoefu wanielekeze: aliyehuzunika asikilize muziki wa huzuni, au wa furaha, au anyamaze kabisa? Na je, kuna namna ya kuutambua wimbo unaofaa kabla haujamharibia mtu usiku wake?

Muuguzi wa Changamwe

Ndugu yangu, pole kwa hayo yanayokusibu. Kwa maoni yangu wewe na mkeo nyote mna haki, ila kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Wanaotibu kwa muziki wana kanuni ya zamani iliyoelezwa mwaka 1948 na Ira Altshuler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, nayo ni kwamba mgonjwa huanzishiwa muziki unaolingana na hali yake ya wakati ule, kisha muziki hubadilishwa polepole kuelekea hali inayotakiwa. Ndiyo sababu chakacha inakukera: inakutaka uruke hatua zote kwa mara moja. Na taarabu yako inakuzamisha kwa sababu unaanza mahali panapostahili, lakini huondoki hapo.

Kwa hiyo pangilia nyimbo sita au saba mapema, wakati moyo umetulia, kwa sababu mtu akishahuzunika uchaguzi wake huvutwa na huzuni yenyewe. Mbili za mwanzo ziwe nzito, zile unazozipenda. Inayofuata iwe ya polepole vilevile, lakini isiwe na maneno, au maneno yake yasikuhusu. Baada ya hapo ongeza mwendo kidogo kidogo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na muziki unaotumiwa kumtuliza mtu kwa kawaida huwa na mapigo 60 hadi 80. Ukitaka kuujua mwendo wa wimbo, gonga meza kwa kidole ukiufuata kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Wimbo wa mwisho uwe wa kukuwezesha kuinuka na kwenda kuoga au kula, si lazima uwe wa kucheza. Nafasi hiyo ya mwisho ningempa mkeo aijaze, kwani wimbo uliokukera mwanzoni mwa jioni huenda ukaupokea vizuri ukija mwishoni.

Kuhusu swali lako la muziki wa huzuni, usijione wa ajabu. Mwaka 2014 watafiti Liila Taruffi na Stefan Koelsch walichapisha uchunguzi uliowahoji watu 772 kutoka pande mbalimbali za dunia, na hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi kuwa huletwa na muziki wa huzuni haikuwa huzuni, ilikuwa ni kukumbuka ya zamani. Utafiti mwingine, uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2020, uliwakuta watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kudumu, wakipendelea muziki wa huzuni, na sababu waliyoitoa ni kwamba huwatuliza. Kwa hiyo kuupenda muziki huo si dalili kwamba unajitakia mabaya.

Hatari iko kwa mtu ambaye wimbo humrudisha kwenye mawazo yaleyale, akayazungusha kichwani bila kufika popote. Kipimo ninachowapa watu ni hiki: wimbo ukiisha, jiulize ulikuwa ukiwaza nini. Ukiwa uliwaza sauti, au ala, au baba yako, au hata ulilia kisha ukahisi mwepesi, wimbo huo ubakishe. Ukiwa ulikuwa ukirudia ya ofisini, nani aliachishwa na nani atafuata, basi wimbo huo ni mzuri lakini wakati wake si huu. Kurudia wimbo mmoja mfululizo ni dalili tosha, na hapo hapana haja ya kujihoji zaidi.

Jambo moja la kikazi. Huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, ikidumu kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, na hasa ikiambatana na kukosa usingizi, kukosa nguvu au mawazo ya kujidhuru, hilo linahitaji kuonwa na mtaalamu. Umesema raha imekupungukia kwa muda sasa, kwa hiyo nisingengoja mpaka usingizi nao upotee. Hospitali ya Port Reitz hapa Changamwe ina huduma za afya ya akili. Mapitio ya tafiti 9 zilizohusisha watu 421, yaliyochapishwa mwaka 2017 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba,, yalionyesha kwamba tiba ya muziki ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida ya sonona huleta nafuu ya muda mfupi. Angalia neno hilo, ikiongezwa. Na tafiti hizo zilihusu tiba inayosimamiwa na mtaalamu, si mtu na simu yake chumbani.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mwanangu, maneno ya muuguzi nimeyasoma na sina ugomvi nayo, ila hiyo ngazi ya nyimbo saba naiona ni ya mtu asiyeijua taarabu. Taarabu si kitu kimoja cha majonzi. Wimbo wa mapenzi yaliyovunjika na wimbo wa wasia huweza kuimbwa na mtu mmoja, kwa sauti ileile na mwendo uleule, na ukamfanyia msikilizaji kazi mbili tofauti. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, na mengi ya mashairi hayo yana busara ya kumwelekeza mtu namna ya kuishi na walimwengu. Wewe umekwenda kaseti ya kilio moja kwa moja, ukaziacha za mawaidha. Rudi kwenye kasha la baba yako utafute zile ambazo mshairi anasema nawe, si zile ambazo yeye mwenyewe analalamika.

Pili, tafuta zisizo na maneno. Kule Unguja onyesho la taarabu ya asili hufunguliwa kwa bashraf, ambayo ni ala tupu: fidla, kanuni na udi zikijibizana kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sisi huku tulikuwa na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, na anayetaka kujua udi unavyoweza kumliwaza mtu na amsikilize anavyopiga utangulizi wa wimbo, jinsi anavyoishika sauti moja, akaizunguka, akashuka nayo taratibu mpaka mahali pa kuanzia shairi. Maneno hukurudisha kwenye kisa chako. Udi hauna kisa chako.

Na la tatu, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa, taarabu unaisikiliza peke yako. Nyimbo hizi hazikutungwa kwa mtu mmoja chumbani. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zake ziliporudi pwani zilisikilizwa na watu waliokusanyika penye gramafoni. Katika harusi, mwanamke aliyeguswa na shairi huinuka, noti kaishika juu ya kichwa, akaenda kwa maringo polepole huku akizungusha bega, akamtuza mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua kwamba ubeti ule ni wake. Wenzake humpigia vigelegele. Akirudi kuketi, uchungu ameshautoa mbele za watu bila kutaja jina la mtu wala kisa. Wewe unausikiliza ubeti huohuo gizani, na hapana wa kukupigia kigelegele. Shairi la huzuni linataka mwenzi. Msikilize Bhalo sebuleni pamoja na mkeo, mbishane ubeti upi ni mzuri, uone kama litakuzamisha.

Ustadhi wa Majengo

Ningependa kuongeza kwa ufupi kwamba miongoni mwetu wako wasiosikiliza ala kwa sababu za dini, na wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu suala hilo tangu zamani, kwa hiyo si mahali pake kulijadili hapa. Kwa watu hao, na hata kwa wengine, kasida zinazoimbwa kwa dufu pekee zina mpigo wa kudumu usiomshtua mtu, na kisomo cha Kurani cha msomaji wa taratibu humfaa anayetaka kutulia kabla ya kulala. Ameuliza pia kuhusu kunyamaza. Kunyamaza nako ni uchaguzi, hasa kwa mtu aliyeshinda ofisini penye kelele kisha akapanda matatu yenye spika chini ya kiti.

Saksafoni ya Frere Town

Ndugu Mwana wa Tudor, nimeshangaa kwamba wote wamezungumzia kusikiliza na hakuna aliyetaja kuimba. Mimi ni mwanakwaya, na jioni nyingine hupiga saksafoni, na ninajua kwamba mtu mwenye huzuni hupumua juu juu. Anayeimba hana budi kuvuta pumzi ya chini na kuitoa kwa kirefu mpaka mwisho wa msitari, na hilo peke yake hutuliza mwili kabla maneno hayajafika akilini. Chagua wimbo ambao sauti yako inaufikia. Imba unapopika au unapofua, hata kama ni kwa mguno tu.

Kama ni kusikiliza, jaribu bango, muziki wetu wa hapahapa pwani uliojengwa na Mzee Joseph Ngala. Una saksafoni ya taratibu, una harufu ya taarabu na ngoma za Kimijikenda, na hauko kwenye kilio wala kwenye vurugu. Katika orodha ya muuguzi ningeuweka katikati, pale panapomshinda kila mtu, kwa sababu nyimbo za huzuni na za furaha kila mmoja anazo, ila za katikati watu hawana.

Mwana wa Tudor

Nawashukuru nyote. Bi Mkubwa, kasha la kaseti lipo kwa dada yangu na nitalifuata. Lililonigusa zaidi ni hilo la kusikiliza peke yangu, kwani kwa kweli huvaa spika za masikioni ili nisiwasumbue watoto. Nina maswali mawili ya ziada kwa muuguzi. Kwanza, programu ya muziki kwenye simu yangu hujichagulia wimbo unaofuata, na kila ninapoanza na wimbo wa huzuni hunipa mwingine wa aina hiyohiyo, nifanyeje? Pili, kuna ubaya gani kulala na spika masikioni?

Muuguzi wa Changamwe

Bi Mkubwa amenisahihisha kwa haki, na kipengele cha bashraf nimekichukua nikawape watu wangu. Kuhusu programu, hiyo imetengenezwa ikupe kinachofanana na ulichokwisha kukisikiliza, haina habari kwamba unataka kutoka pale ulipo. Ingia kwenye mipangilio uzime uchezaji wa kujiendesha, kisha utengeneze orodha yako mwenyewe na uicheze kwa mpangilio ulioupanga, si kwa kuchanganya. Usiku weka kipima muda kinachozima muziki baada ya nusu saa au dakika arobaini, ili usiamke saa tisa ukutane na ubeti wa usaliti.

Kuhusu masikio, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80, na sauti ikipanda, muda salama hupungua haraka sana. Simu nyingi siku hizi huonyesha kiwango hicho zenyewe. Kwa wewe, hata hivyo, ningeacha spika za masikioni kwa sababu aliyoitaja Bi Mkubwa kabla ya sababu yangu ya masikio. Tumia spika ndogo ya mezani kwa sauti ya chini baada ya watoto kulala, mlango wa chumba ukiwa wazi, na kwa Port Reitz nenda wiki hii uzungumze nao, hata kama orodha itaanza kukusaidia.