Dume la Boran kwa majike wa kienyeji: naombeni ushauri kabla sijanunua

Mchungambali
Habari zenu wakuu. Niko Handeni, nina majike wa kienyeji, hawa zebu wetu wadogo. Kuzaa wanazaa vizuri, tatizo ni mwili. Nikipeleka maksai wa miaka minne mnadani, mnunuzi anampapasa mgongo, anacheka, halafu anataja bei ya mbuzi. Nataka niingize damu ya Boran. Kuna jamaa ana dume jekundu, anaapa ni Boran halisi, ila kumbukumbu za uzao hana. Wenye uzoefu nisaidieni: huyu ng'ombe katoka wapi, ana sifa gani, na huku kwenye kupe na mbung'o atadumu?

BabaNundu
Mkuu, asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia. Alisambaa na wafugaji hadi kaskazini mwa Kenya na Somalia, nchi ya ukame, ambako ng'ombe asiyeweza kutembea mbali kufuata maji hana maisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 masetla wa Kenya, hasa Laikipia, wakawanunua na kuanza kuwachuja: dume mwenye nyama nyingi anabaki, jike anayeruka msimu bila kuzaa anaenda machinjioni. Mwaka 1951 wakaunda chama chao cha wazalishaji. Kwa hiyo Boran wa ranchi ana minofu kuliko yule wa mfugaji wa kuhamahama, ingawa ni ukoo mmoja.

Dume aliyekomaa kwenye malisho mazuri anakwenda kilo 500 hadi 850, jike 400 hadi 550. Ndama huzaliwa na kilo 25 hadi 30 hivi, kisha anakua haraka. Na ananenepa kwa nyasi tu, hakudai pumba kila asubuhi.

Kisukari_wa_Mnadani
Mnapoteza muda. Weka mbegu za Angus, ng'ombe wa nyama wa kizungu, chotara wake ana nyama balaa.

BabaNundu
Angus wa Handeni? Labda umjengee kivuli, umletee majani na umwogeshe bila kukosa. Mwenzetu anachunga porini.

Mama Mitamba
Nirudi kwa hilo dume jekundu. Rangi isikudanganye, kuna Boran weupe, wa kijivu, wa kahawia na wekundu. Simama nyuma yake. Boran mzuri mapaja yamejaa mpaka chini karibu na goti, mgongo mpana, siyo kiuno cha kuchongoka kama cha zebu wetu. Nundu iwe kubwa na isimame juu ya mabega. Ngozi ya shingoni imelegea, ila govi likining'inia sana achana naye, litachanwa na miiba. Halafu shika korodani: ziwe mbili, zinalingana, hazina uvimbe. Wanaume mnaona aibu hapo, mwishowe mnalisha dume lisilozalisha!

Na umwone mama yake. Asiyeweza kukuonyesha mama, anakuuzia ng'ombe mwekundu tu.

Dokta wa Josho
Suala la magonjwa lisichukuliwe kirahisi. Boran anavumilia kupe na joto kuliko ng'ombe wa kizungu, lakini ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, inamuua, hasa akitolewa sehemu isiyo na ugonjwa huo akaletwa kwako. Ulizia kama amechanjwa, na josho lisikatike. Mbung'o nao ni hivyo hivyo. Boran wa Waorma, kule Mto Tana, wanajulikana kwa kuhimili nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kuliko Boran wa ranchi, ila hata wao hawana kinga kamili. Ongea na afisa mifugo kuhusu sindano ya kinga. Kabla dume hajaingia zizini, apimwe brusela, la sivyo utanunua ugonjwa wa kutupa mimba.

Mchungambali
Asanteni sana. Mama Mitamba umenifungua macho, maana jamaa nikimuuliza mama wa dume anabadilisha mada. Sasa nikipata dume wa uhakika, nimwachie tu kundi zima?

Mama Mitamba
Mitamba wadogo watenge kwanza, dume mzito atawaumiza. Madume wako wa kienyeji wahasi wote, na mapema! Jike akiingia joto porini hamsubiri Boran wako. Na binti zake wakikaribia kupandwa, badilishana dume na mfugaji mwingine, asije akapanda wanawe.

BabaNundu
Ranchi ya Kongwa ya NARCO, kampuni ya ranchi ya taifa, wanafuga Boran, anzia hapo. Kama fedha ya dume haitoshi, ulizia mbegu kituo cha uhimilishaji (kupandisha kwa mrija) cha Usa River, ila uwe na mtaalamu wa kufika siku ileile jike anapoonyesha joto. Kwa ng'ombe wa kuchunga porini, hiyo ndiyo kazi.

Mchungambali
Huku mtaalamu mwenyewe ni mmoja na pikipiki yake mbovu. Bora dume. Naenda Kongwa.

Dokta wa Josho
Piga simu kwanza, usije ukasafiri bure.